Karatasi za Saa Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Leo yananiuma magoti yote mawili, si moja. Kima walivuka bonde tangu alfajiri, nasi nyuma yao kama mikia. Mwenzangu wa kazi – kituo kizima kinamwita Konokono kwa mwendo wake – alinibebea mkoba bila kuombwa.

Miaka kumi na mmoja kundi hili hili. Dume mmoja, Kisiki, mkia umekatika nusu. Majike tisa. Watoto. Kila nusu saa tunajaza fomu: nani yuko karibu na nani, nani kamtoa nani chawa, nani kampanda nani. Wifi yangu husema nalipwa kuchungulia ndoa za wanyama.

Mama hakulala tena jana. Kwa hiyo na mimi sikulala.

Jumanne, 4 Machi

Majibu ya maabara yamekuja. Mwaka jana tulikusanya kinyesi cha kila mtoto, cha mama yake na cha Kisiki, tukatia kwenye vichupa, vikapelekwa kupimwa vinasaba. Watoto saba. Wa Kisiki ni wawili tu! Watano baba zao ni madume wa nje.

Daktari, mkuu wetu wa utafiti, ni binti wa kuweza kuwa kitindamimba wangu, lakini kichwa anacho. Hakugomba. Alisema tu kwamba kwenye fomu zetu za msimu mzima wa kupandana hakuna dume mgeni hata mmoja. Sasa hao waliingia saa ngapi? Konokono akasema labda usiku. Daktari akamwambia kima usiku wanalala.

Jioni tai alipita. Kisiki akapiga ile kelele yake, watoto wote wakazama kwenye majani, wake na wasio wake. Kitanda hakizai haramu. Yeye hana habari, au anayo na haimsumbui.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike hapa, maana hapa hasomi mtu.

Kuanzia saa sita mpaka saa nane mimi hulala. Nalaza kichwa kwenye mkoba chini ya mti, najifunika kanga. Ilianza Mama alipoanza kupotea akili na kuzunguka nyumba usiku kucha akitafuta mlango. Konokono aliniona nasinzia nimesimama, akasema lala dada, nitaangalia mimi.

Mwaka juzi niliamka mapema. Saa saba kamili. Naye alikuwa amelala, mdomo wazi, fomu juu ya tumbo. Imeshajazwa mpaka saa nane. Kila mstari: wamepumzika, hakuna tukio.

Sikumwamsha. Nikafumba macho tena. Nilikuwa na usingizi, ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sikulala. Saa sita Konokono alinitandikia majani kama kawaida. Nikamwambia leo usingizi sina. Naye akakaa.

Jua kali, msitu kimya. Kisiki juu kabisa, miguu inaning'inia, amekufa kwa usingizi. Saa sita na dakika arobaini tawi la chini likatikisika. Dume mgeni, mkia mzima, mrefu. Akatulia tu. Aliyemfuata ni Shangazi, yule jike wetu mkubwa, mwenye adabu kuliko wote. Alishuka polepole, akamsogezea mdomo, akamgeuzia mgongo. Kwa muda wa kumenya chungwa yote yalikwisha. Halafu jike wa pili. Dume akatoweka. Kisiki hata hakujikuna.

Konokono alivua kofia, akaiweka magotini.

"Miaka yote, dada," alisema. "Mbele yetu."

Nilijaza fomu. Saa, dume mgeni, majike wawili.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari alitandaza fomu za miaka minne mezani, za mchana peke yake. Mwandiko mmoja. Maneno yale yale. Akaweka pembeni ile yangu ya Ijumaa. Hakupandisha sauti. Alisema ameshaandika makala mbili kwa kutegemea karatasi hizi, na watu wamezisoma. Kisha akauliza ni nani.

Sijafungua mdomo, Konokono akajibu.

"Ni mimi. Dada saa hizo yuko upande wa pili wa kundi. Hakujua."

Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ndefu tu. Daktari alikusanya karatasi moja moja, akazipanga, akazifunga kwa uzi. Sikusema.

Jumanne, 11 Machi

Ameachishwa. Nilimkuta stoo anarudisha koti la mvua na dira. Nikamwambia nitakwenda kueleza. Akanikataza. Wanangu wameshaota mbawa, alisema, wewe una mama. Ukikosa kazi, yule jirani anayekaa naye mchana utamlipa kwa majani ya msituni? Akacheka kidogo. Nilitaka kumshika mkono lakini alikuwa amebeba viatu.

Msituni nilikwenda peke yangu. Nilijua kundi liko wapi, ila kila mara niligeuka nyuma kumngoja mtu anayetembea polepole.

Jumatano, 12 Machi

Sikwenda kazini. Jirani anaumwa, nipo na Mama. Nimemwogesha, nimemkalisha mlangoni penye jua. Leo ananiita kwa jina la dada yake. Naitika.

Daktari alinipa barua jana nikitoka, nitie sahihi. Nusu ukurasa. Kwamba mimi sikujua lolote kuhusu fomu za saa sita, na kwamba za kwangu zote ni za kuaminika. Anaihitaji kwa wakubwa zake leo. Nadhani anataka kuniokoa. Au anataka abakiwe na karatasi za kuamini – simlaumu.

Nimeisoma mara nne. Kwenye "sikujua lolote" nimepiga mstari. Juu yake nimeandika: nilijua, tangu mwaka juzi, na nililala.

Sahihi sijatia.

Pikipiki ya Daktari hiyo inapanda kilima. Mama anauliza mgeni ni nani. Nimemwambia ni mkubwa wangu wa kazi. Anasema nimkaribishe kiti kizuri, na nifunge kitambaa cha kichwa vizuri. Ninafunga. Barua iko mezani, imefunuliwa, upande wenye maandishi yangu ukiwa juu.