Mkono Uliozungushwa Uzi

Baba,

Nakusalimu kama wasalimiwavyo watu wa makaburini. Najua hutanijibu, na mie ulimi huupata kwa asiyenijibu. Ulikuwa ukinijua. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini sauti inatoka kama ya mbu.

Mama yumo ndani, anakaa eda yako. Ami Faki hutuletea unga, anauweka kizingitini na kuondoka. Ndiyo, Ami Faki, ndugu yako ambaye tangu uchaguzi hamkuwa mkipeana hata salamu kwa ajili ya vyama vyenu. Siku ya maziko yeye ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Alipotoka, udongo umemjaa mpaka kwenye ndevu, alisema amemnunia ndugu yake kwa ajili ya kitambaa cha bendera mlingotini. Kisha akajipiga kofi la uso mbele ya watu wote. Aliyemshika mkono asijipige tena alikuwa Hamadi.

Hamadi, mdogo wangu, ndiye aliyenifanya niandike. Tangu ulipokufa yeye mdomoni ni kumuua tu yule samaki. Alikuwa nawe kwenye ngarawa, aliona. Mie alinihadithia mara moja, huku akiupiga ukuta ngumi. Kolekole alishika, ile rili ya kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia ikalia, kisha uzi wote ukawa unateleza juu ya bobini, kile chuma chake cha katikati. Breki umeikaza na samaki anakwenda vilevile. Ukaiangusha fimbo. Ukaukamata uzi, ukauzungusha kiganjani mara mbili, kama ulivyouzungusha mshipi maisha yako yote. Uzi ukaingia mpaka mfupani. Samaki akazama nawe. Hamadi alikutoa chini ya mwamba, mkono ungali umefungwa. Waliokuosha walisema kiganja kilikuwa kimefunguka kama samaki aliyepasuliwa.

Unalikumbuka duka lile la Chake? Yule mgeni uliyempeleka kuvua alikuwa amekuachia fimbo na rili, na rili haina uzi. Muuza duka akaweka aina mbili za uzi wa kusuka, ukanambia nichague mie, kwa kuwa nasuka nywele za mtaa mzima. Nikapitisha ukucha. Wa rahisi ulisukwa kwa nyuzi nne, bapa, unakwaruza. Wa pili nyuzi nane, mviringo, unapita kidoleni kama nywele zilizotiwa mafuta. Nikakwambia huu wa nane utapita kwenye pete za fimbo bila kelele na utakwenda mbali, ila tuunge mbele yake nailoni nene, hiyo ndiyo isuguane na mawe. Ukacheka.

"Huu wa kudarizia kofia, Mize. Kolekole atautemea mate."

Ukauzungusha kidoleni ukauvuta uukate, vile tunavyoijaribu nailoni. Damu ikachuruzika juu ya kioo cha muuza duka. Nami nikakusomea maneno ya kwenye boksi, ya Kiingereza, kwamba uzi huu usizungushwe mkononi. Ukajifuta damu kwa shati, ukaulipia huohuo.

"Mkono wangu haujui Kizungu."

Tulicheka njia nzima mpaka Tibirinzi. Siku hizi maneno yale yananipiga kila nikifumba macho.

Nikwambie la kweli. Baada ya hitma niliichukua rili yako nikaiweka juu ya jiwe, nikainua mchi niivunje. Nilitaka kitu kipasuke. Nilitaka bahari nzima ikauke samaki wafe midomo wazi. Lakini kabla sijapiga niliusukuma uzi kwa kidole, nao wote ukazunguka juu ya chuma kama bangili mkononi. Hapo nikajua. Rasta zikisukwa bila kushikwa na nywele za kichwani, huchomoka zote kwa mkupuo mmoja. Uzi ule ulifungwa juu ya chuma kitupu, Baba. Haukuwa na cha kushika.

Mchi nikauweka. Nikauvua uzi wote, nikatanguliza safu za nailoni ziume chuma, nikaurudisha wa kusuka juu yake, nikiukaza kwa kitambaa kibichi, nikaacha ukingo mdogo wa bobini uzi usije ukamwagika. Nilifanya kwa hasira tu. Sikudhani kuna mtu ananitazama. Hamadi alikuwa mlangoni.

"Sasa namuua," alisema, akaibeba.

Mama alitoka mbio mpaka kizingitini, akasimama pale kama aliyefungwa kamba. Eda haikumruhusu. "Mfuate," akanambia. "Weye una miguu." Nikachukua kisu chake cha kupasulia samaki nikakichomeka kiunoni.

Hamadi alivuta kasia, nami nimeketi nyuma yake ngarawani, mpaka kwenye mwamba uleule. Akarusha, na baada ya mirusho mingi mitupu fimbo ilipigwa kama mtu kaipiga rungu. Rili haikuteleza, Baba. Breki ilikuwa ikimchosha samaki, inampa kidogo inamnyima kidogo, ilikuwa ni kungoja tu. Lakini Hamadi hakuja kuvua. Alikuwa akimtukana samaki matusi ambayo sijui kajifunza wapi. Samaki alipogeuka kuelekea mwambani, mdogo wangu akaiachia fimbo miguuni, akaukamata uzi. Akazungusha mara moja. Akazungusha tena. Ulikuwa mkono wako uleule.

Nilikuwa sijapata kupiga kelele maishani mwangu. "Wachia, Hamadi! Mkono!" Akanambia nyamaza, mwanamke. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye kiwiko, goti lake limeshavuka ubavu wa ngarawa.

Nikaukata uzi.

Ulilia kama mjeledi ukapotea majini. Hamadi alinirukia akanipiga kwa mkono uleule wa damu, mpaka mdomo wangu ukapasuka. Alisema samaki ndiye yule, nimemwachia, alikuwa ndiye. Sikumrudishia. Nilimwambia, "Baba hayumo ndani ya samaki." Akanipiga tena, kisha mkono ukabaki juu. Akautazama. Akaanza kulia kama alivyolia alipokuwa mtoto, kwa kwikwi, nami nikaufunga mkono kwa mtandio wangu.

Ami Faki alimpeleka hospitali, wakamshona. Vidole vinakunjika. Ami akaketi nje ya wodi mpaka asubuhi, na Mama ametuma neno kwamba sasa aingie ndani akija, asiishie kizingitini.

Uzi uliobaki si mwingi. Nimeugeuza, wa chini ambao haujaona jua uko juu, nao unatosha. Kisu nimekifunga kwenye ngarawa, mahali ambapo mkono wowote utakifikia. Na jioni namkalisha Hamadi, namshika kiganja kile cha mishono, nasema naye mpaka anakereka: uzi huu haukamatwi, unaachiwa. Nakuahidi, katika nyumba hii hautazungushwa tena mkononi.

Mungu akupanulie hapo ulipo, Baba. Mkono wako haukujua Kizungu. Wa Hamadi naufundisha kwa Kipemba, na kwa sauti.

Mwanao,
Mize