Sahihi kwenye Jani la Mkonge

Jumatatu, 14 Julai 1997
Miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke Kasulu. Kisu butu, mgongo unauma. Wingu juu ya Uluguru mpaka saa nne. Vijana wa genge letu walimaliza mapema, wakakaa kuchora sahihi zao kwenye majani ya mkonge kwa mwiba. Mikia na mizunguko, kila mmoja utadhani waziri. Watano wote wana kidato cha nne. Sijamwona hata mmoja akisoma zaidi ya tangazo la video pale Kingolwira.

Jumatano, 16 Julai
Gazeti langu wamelichana kusokotea sigara. Nilikuwa sijafika ukurasa wa tatu. Selemani, mjuaji wao, akasema habari za juma lililopita ni za maiti. Mimi niliishia darasa la nne. Kusoma nilikuja kuiva ngumbaro, kwenye kisomo cha watu wazima, nina ndevu tayari. Nawadharau. Basi.

Ijumaa, 18 Julai
Karani wa tajiri mpya aliyenunua shamba kaleta karatasi, kurasa mbili kila mtu. Ni za daftari jipya la wafanyakazi, akasema. Vijana wakainamishana migongo iwe meza, wakasaini huku wanacheka. Mimi nikakaa chini, kidole chini ya mstari.
"Babu anatafuta chawa humo!" Selemani huyo.
Ukurasa wa pili: naacha kazi kwa hiari yangu, nitakuwa kibarua wa siku, chumba cha kambi natoka mwisho wa mwezi. Nikawasomea kwa sauti. Walikuwa wameshasaini. Selemani akasema naona wivu kwa sababu sahihi yangu inafanana na kuku aliyekanyaga majivu.
Sikusaini. Karani kanitazama vibaya. Naogopa.

Alhamisi, 31 Julai
Wametolewa vyumbani. Magodoro nje, kwenye vumbi. Kazi ya siku nayo hakuna. Asiyesaini, mkataba wake wa zamani upo palepale. Karani alilisema hilo mwenyewe, amenuna. Nimebaki peke yangu.
Wapumbavu. Nimeliandika na silifuti.

Jumapili, 3 Agosti
Selemani alikuja mchana.
"Shikamoo, babu."
Mara ya kwanza tangu nimfahamu. Anataka nimwandikie mama yake aliyeko Kinole, juu milimani. Mkono wake umesahau barua, anasema. Mama huyo aliuza mdalasini miaka minne kumsomesha. Niandike kwamba kapandishwa cheo, yuko safarini.
Nikaandika: Mama, nimepoteza kazi na chumba. Nilisaini karatasi bila kuisoma. Naona aibu kurudi.
Nikampa barua na kalamu. Nikampa muda wa kutosha kuisoma.
Kalamu ikashuka moja kwa moja chini, akasaini. Mikia yote, mizunguko yote. Akaikunja.

Jumanne, 5 Agosti
Barua imepanda Kinole na mama mmoja muuza ndizi. Mkonge umekatika vizuri leo. Jioni kimya, hakuna wa kunicheka.
Kasulu nitarudi Desemba, Mungu akipenda. Mwanangu atakuwa kamaliza darasa la tano. Atanisomea ukurasa mzima kwa sauti, kabla sijafungua mizigo.