Salamu Zilizofurahia Msiba

Mikumi,
Jumatatu, 13 Oktoba 2025.

Kaka yangu Lukasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani, mguu umeuinua kwenye kigoda kama daktari alivyoagiza, wala si shambani ukijifanya kijana. Wifi Regina anaendeleaje? Naomba unijibu kwa urefu, usinitupie "salama" moja kama mtu anayemjibu karani wa ofisi. Mimi ni mzima. Sauti ninayo, na ugomvi ninao wa kutosha: juzi nimebishana na mtendaji wa kata kuhusu takataka za malori, na aliyeondoka ni yeye.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Yudith, mpishi wetu, anakuja Kilosa kumwona dada yake, nikaona nimpe. Kuna mambo nataka uyasome polepole, na ambayo nikishayatoa mkononi sitaweza kuyafuta.

Nianze na nyumba ya wageni aliyotuachia mama. Mwezi wa Agosti mlipokaa hapo kwako, ndugu wengi walitaka Abubakari akodishiwe kiwanja chote, nyumba ibomolewe, malori yake yapate pa kuegesha. Wewe, mkubwa wetu, ukasema nipewe hadi mwisho wa Desemba niujaze ukumbi wake wa mikutano, na nikishindwa, Abubakari aingie. Ndugu wakanung'unika, lakini wakakubali kwa sababu yako. Leo nataka ujue nilivyoutumia muda huo, na nilivyoupata.

Ukumbi unachukua watu sitini. Wa kuujaza ni watu wa semina, wale wanaotaka siku tatu mbali na meza zao, asubuhi mada, jioni kutazama tembo mbugani. Watu hao hawasomi vibao vya barabarani. Wako kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ambako kila mtu amebandika vyeti vyake na picha akiwa na tai, na siku nzima wanapongezana kwa kupanda vyeo. Nilikuwa nimeshajiandikisha tangu Mei, kabla hata ya kikao chenu.

Unajua msimamo wangu kuhusu wanaowatumia watu ujumbe ambao hawakuombwa. Nimeandika magazetini miaka mingi kuwapinga wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na waganga wa simu, na wauza dawa za nguvu. Niliwaita wezi wa utulivu wa watu, na sijabadili neno. Kwa hiyo niliapa kwamba mimi sitakuwa kero. Lakini waratibu wa mafunzo niliowakuta kwenye mtandao ule, wa Dodoma, Dar, Morogoro na Iringa, walizidi mia tisa. Kuwaandikia mmoja mmoja ningemalizia kaburini. Nikanunua programu, wenyewe wanaiita roboti. Inatafuta majina, inaomba urafiki, inamwandikia mtu kwa jina lake na cheo chake, inasubiri, inaandika tena. Mimi nachagua mchele jikoni, yenyewe huko inazungumza kwa jina langu.

Nilisoma kila nilichopata kuhusu namna ya kuitumia bila kuchukiwa. Vitabu vitatu, na makala nisizoweza kuzihesabu. Wote walisema neno moja: usiuze siku ya kwanza, onyesha kwanza kwamba unamjali mtu, tuma chache kwa siku, tena kwa saa tofauti, ili ionekane ni mkono wa binadamu. Nikawacheka. Leo ndiyo wanagundua salamu? Kwetu nani humwaga shida yake mlangoni kabla ya kuuliza watoto wameamkaje? Nikaipangia roboti siku tano. Siku ya kwanza ni salamu tupu: shikamoo kwa wale ambao vyeti vyao vinaonyesha wamenitangulia, habari za kazi kwa wadogo, kisha kuuliza nyumbani, wazee, watoto. Siku ya tatu, kushukuru. Siku ya tano ndipo ukumbi utajwe.

Kaka, watu walijibu! Zaidi ya nusu. Mwanamke mmoja wa Iringa aliandika kwamba tangu ahamishiwe kazi huko hakuna aliyewahi kumuuliza habari za watoto wake. Makundi mawili yakaja, moja Julai, moja Septemba. Nikatembea Mikumi kichwa juu. Yudith aliniuliza kama wale watu wanajua kwamba wanasalimiwa na kompyuta, nikamwambia aangalie maharage yake yasiungue.

Alhamisi iliyopita roboti ilimwandikia mtu anayeitwa Rafaeli, mratibu wa mafunzo katika shirika moja la Dodoma. Ikamuuliza habari za nyumbani, wazee hawajambo? Akajibu kwamba yuko njiani kwenda Kidodi, mama yake amefariki alfajiri ile, mazishi ni kesho. Roboti ikasubiri saa mbili, kama nilivyoipangia ili ionekane ni mtu mwenye shughuli zake, kisha ikamjibu kwa jina langu kwamba nimefurahi sana kusikia hivyo na Mungu azidi kuibariki familia yake.

Niliyasoma asubuhi ya Ijumaa nikiwa nimesimama na kikombe mkononi. Nikakaa. Yudith akasoma begani kwangu, akaenda stoo akafunga mchele na sukari kwenye kapu. Programu ile ina hata maneno ya kuomba radhi yaliyoandikwa tayari, unabonyeza tu. Sikubonyeza. Nilivaa kitenge, nikabeba kapu, nikapanda basi la Kidodi, tukaenda nyuma ya lori la miwa karibu njia nzima.

Nilikaa mkekani na wanawake hadi watu waliporudi kutoka makaburini, ndipo nikaomba kumwona Rafaeli. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, udongo ulikuwa bado kwenye mikono ya shati lake. Nikamtajia jina langu. Akasema, na wote wakasikia, kumbe mama aliyefurahi sana ndiye huyu. Nikasema ndiye. Nikaanza kueleza habari za programu, lakini shangazi yake, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya mnadani, akanikatiza akitaka kujua mimi kabila gani. Nikamwambia baba alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Kilosa na kazi ya reli. Akapiga makofi. Mnyamwezi! Basi si mtani wa kabila letu huyo! Jamani, ndiyo maana amefurahi! Lakini mtani gani huyu anayefurahia msiba kwa simu, hajachota hata ndoo ya maji? Faini, faini! Wakacheka hata waliokuwa wanalia. Nikavuliwa viatu, nikasukumiwa masufuria ya msiba mzima na majivu ya kusugulia, na kila aliyepita akanichapa neno: mtani, sugua kwa furaha, mtani, usifurahi sana, hayo ni masizi. Nilisugua hadi vidole vikanyauka, na sikubisha. Unaweza kumwambia yeyote anayenijua kwamba siku hiyo ilitokea.

Rafaeli alinisindikiza hadi barabarani. Akasema kwamba kwa shangazi faini imekwisha, ila kwake yeye limebaki neno moja. Jibu la roboti halikumuumiza sana, upumbavu wa mashine unajulikana. Kilichomuuma ni lile swali. Asubuhi ile, akasema, mtu asiyemjua alimuuliza kuhusu wazee wake, naye akaona dunia bado ina watu, akamwambia habari ambayo alikuwa hajawaambia hata wenzake wa kazini. Aliniamini kwa saa mbili. Nilipanda basi nikiwa na kapu tupu mapajani.

Jumamosi nilifungua kumbukumbu zote za roboti nione ni nani mwingine nimemtenda hivyo. Ziko kwa tarehe, kuanzia mwanzo. Na mwanzo kabisa, jina la kwanza, ni lako.

Mwezi wa Mei, kabla ya kuwagusa wageni, nilitaka kujua kama salamu za mashine zinaweza kupita kama zangu. Nikatafuta mtu anayenijua kuliko wote. Nikaiunganisha roboti na simu yangu, nikakuweka wewe. Jumapili asubuhi ikakuandikia shikamoo kaka, mguu unaendeleaje, wifi hajambo? Ukajibu kwa mistari kumi na minne. Ukaeleza mguu, kuku wa wifi, kwaya iliyomkosa mpiga kinanda. Nikasema imepita, ikiwa Lukasi hajashtuka, nani wa Dodoma atashtuka? Nilikusudia kukuondoa wiki ileile. Sikukuondoa. Kila Jumapili iliandika, na kila Jumapili nikajiona nimeshakusalimu. Hakuna hata moja niliyoandika mimi.

Niliambiwa ulichowajibu ndugu Agosti. Ulisema Hilda na kelele zake zote hajakosa Jumapili moja kutujulia hali, na mtu wa namna hiyo hawezi kuitupa nyumba ya mama. Kwa hoja hiyo nikapewa hadi Desemba.

Sasa nimesoma yote. Tarehe saba Septemba uliandika kwamba wifi amelazwa tangu Alhamisi, presha imempanda, hasemi vizuri, na kwamba nije hata kwa siku moja. Likatoka jibu kwa jina langu kwamba nashukuru kusikia mnaendelea vizuri, wasalimie wote. Wiki hiyo ulinipigia mara mbili. Nilikuwa na kundi ukumbini, sikupokea, nikajiambia Jumapili tutasalimiana. Na kuanzia Jumapili iliyofuata majibu yako yote ni neno moja, salama. Yudith ndiye aliyenieleza juzi kwamba wifi amerudi nyumbani na anatembea kwa kushikwa mkono. Dada yake alimpasha habari zamani. Alidhani najua.

Nilitaka kuja siku ileile. Lakini najijua: ningekuja na mdomo huu, ningekushinda kwa maneno kama ninavyokushinda tangu utotoni, nawe ungenisamehe ili ninyamaze. Karatasi haikukatizi.

Roboti nimeikata ulimi. Inatafuta majina tu. Barua naandika mwenyewe, kumi kwa siku, na mstari wa kwanza unasema mimi ni nani na nauza nini, na kwamba asiyehitaji aseme, hatanisikia tena. Siulizi habari za wazee wa mtu nisiyekusudia kumsikiliza. Kati ya ishirini wamejibu wawili, na mmoja amekataa. Nitaendelea hivyohivyo. Ukumbi ukijaa, utajaa kwa njia hii, na usipojaa nitajua umeshindwa kwa haki.

Ila muda mlionipa niliupata kwa salamu zisizo zangu, kwa hiyo naurudisha kwako. Nimemwambia Abubakari aje hapo kwako Jumamosi hii saa nne, na karatasi zake za kukodisha. Ukisema achukue, nitatia saini mbele yako. Ukisema nibaki nao hadi Desemba, nitapigana hadi siku ya mwisho na wala sitakuomba wiki ya ziada. Mimi nitafika mapema kuliko yeye, na nitapita moja kwa moja kwa wifi. Nguo zake nitafua mimi na kumshika mkono nitamshika mimi kwa wiki nzima, hata kama nyumba itakuwa imeshakwenda. Yudith atalala kwa dada yake usiku mmoja tu, Jumatano arudi huku kunishikia funguo.

Msalimie wifi Regina. Kama hazitaki salamu zangu, usimlazimishe. Mwambie nazileta mwenyewe, azikatae nikiwa mbele yake.

Ni mimi mdogo wako,
Hildegarda.