Upinde wa Baba Mkwe

Jumatatu, 11 Januari 1965

Napima pamba tangu asubuhi hapa stoo ya Busia. Foleni ya magunia imefika barabarani. Mama mmoja wa Lunyo ameleta safi kabisa, nikamsifu mbele ya watu. Aliyemfuata alificha jiwe katikati ya gunia. Nililitoa nikamrudishia mkononi, kwa adabu. Akanitukana kwa Kiteso akidhani Msamia kama mimi sielewi. Mke wangu Josefina ni Mteso. Matusi ndiyo niliyojifunza kwanza.

Jioni shemeji Petero alishuka kwenye lori la pamba na kitu kirefu kilichofungwa kwa magunia. Upinde wa baba yake, Mzee Okiru, baba mkwe wangu. Tarehe 30 kanisa lao kule karibu na Tororo linasherehekea paa jipya, na wazee wa pande mbili za mpaka watashindana kupiga mgomba kwa mishale. Mzee naye anataka kuingia. Hajauvuta upinde huu miaka kumi na moja. Ameniletea nimwambie kama bado unavutika au utamvunjikia.

Kwa nini mimi, si wanawe? Petero kasema maneno ya Mzee yalikuwa haya: "Watoto yangu wataniambia ile napenda kusikia. Yule wa mizani ataniambia kweli."

Kichwa kimenivimba. Nimekula sahani mbili.

Jumanne, 12 Januari

Nimeufungua. Unanipita kimo. Mweusi tititi kwa masizi. Josefina anasema unafanana na mwiko wa kusongea ugali wa kijiji kizima.

Nina hofu moja tu. Mzee ana jicho moja. La kushoto lilikufa kwa maradhi kabla sijamjua. Upinde ukikatika ukiwa umevutwa hadi shavuni, vipande vinarudi usoni. Nikikosea, baba wa mke wangu atakuwa kipofu. Na atakuwa kipofu kwa neno langu.

Alhamisi, 14 Januari

Masizi yametoka kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Chini yake mti mwekundu, wa kupendeza. Mkole, nadhani.

Nimetumia ujuzi wangu. Nilichukua kitonge cha pamba nikakipitisha polepole mgongoni mwa upinde, yaani upande unaotazama shabaha. Pamba hunasa penye ufa hata kama jicho halikuuona. Imenasa mahali pamoja tu, juu kidogo ya mshikio. Ufa mwembamba, unafuata nyuzi za mti, haukuzikata. Huo ni wa ukavu tu, hautishi. Nikafunga ugwe, ile kamba ya upinde, nikavuta nusu. Ukapinda vizuri.

Nimefurahi kama mtoto. Nimemtuma dereva wa lori amwambie Mzee: upinde ni mzima.

Jumapili, 17 Januari

Josefina amelala kwao siku mbili, amerudi leo kwa basi. Mzee amechinja jogoo kwa ajili ya habari yangu. Amemwambia katekista, na jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha. Anatembea wima. Anamwambia kila apitaye kwamba mkwe wake wa Busia amepima.

Nimemwomba Josefina anisimulie mara ya pili. Amenicheka, lakini amesimulia.

Jumatatu, 18 Januari

Siku njema mpaka saa ya chakula. Josefina akasema mama yake analalamika. Tangu upinde uje kwetu, hana pa kutundika mahindi ya mbegu.

Nikaacha kutafuna. Mahindi gani?

Kumbe miaka yote hiyo upinde umekaa jikoni kwa mama mkwe, juu ya meko, kama kiango. Kila msimu mashuke ya mbegu yanafungwa juu yake, mzigo mzima, na moshi unapanda usiku na mchana. Moshi unafukuza wadudu, ni kweli. Lakini pia umeukausha mti miaka kumi na moja, na mzigo umeukalia. Mti mkavu namna hiyo ni kuni.

Mimi nilitazama ufa. Sikuuliza ulikuwa unaishi wapi.

Jumatano, 20 Januari

Sikuweza kufanya kazi vizuri. Nimeita uzito wa gunia moja mara mbili.

Ningeenda kujionea mwenyewe jinsi ulivyotundikwa, lakini mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hasimami kumhoji kuhusu meko yake. Ningeonekana nimerukwa na akili. Josefina amepeleka swali kupitia dada yake anayekuja sokoni: upinde ulitundikwa tumbo, yaani upande wa mpigaji, likiwa juu au chini? Jibu limekuja leo. Mama anasema yeye alikuwa anatundika mahindi, hakuwa anatundika tumbo.

Haki yake.

Jumamosi, 23 Januari

Stoo imefungwa saa saba. Nimebaki peke yangu na upinde. Nimeufunga kwenye boriti kwa mshikio wake. Kutoka kwenye ugwe nimeteremsha kamba, nikaipitisha chini ya chuma cha sakafuni, nikaileta mpaka mlangoni. Hapo kati nimefunga mizani ya kuning'inia, ile yenye uso wa duara. Nikivuta kamba, upinde unavutika kule, na mimi niko mbali, nasoma ratili.

Ratili kumi, sawa. Ishirini, sawa, mikono yote miwili ya upinde inapinda pamoja. Thelathini, mkono wa juu ukaanza kupinda zaidi mahali pamoja, kama kiwiko. Thelathini na tano ukalia. Ti! Mlio mdogo, kama wa ukucha kwenye kikombe. Nikaachia taratibu.

Nikaushusha, nikaugeuza tumbo, upande unaomtazama mpigaji. Hapo penye kiwiko kuna mikunjo midogo imekata nyuzi za mti, mingi, imesongamana. Ilikuwepo tangu mwanzo. Pamba haikunasa huko kwa sababu sikuipitisha huko. Nilipima mgongo tu, nikakimbilia kusifiwa.

Petero aliniambia Mzee akivuta hadi shavuni si chini ya ratili arobaini.

Nina aibu. Sina neno jingine.

Jumapili, 24 Januari

Kanisani sikusikia hata mahubiri yalihusu nini. Nilikuwa natunga uongo. Niseme ugwe umeoza, hakuna mwingine wa kufaa. Niseme umeibwa. Niseme forodhani wamekataza silaha siku ya sherehe, ingawa kanisa na nyumba ya Mzee viko upande mmoja na hakuna forodha katikati. Niliona upumbavu wangu, nikacheka peke yangu kwenye benchi. Watu wakageuka.

Nikamweleza Josefina yote. Nilidhani atakasirika. Akasema tu niende mwenyewe, nisitume dereva tena. Akaongeza kwamba baba yake akiudhika ataudhika siku tatu, lakini jicho halioti tena.

Nampenda mwanamke huyu. Sijamwambia, maana alikuwa anachambua mboga.

Jumatano, 27 Januari

Nimeomba ruhusa ya siku moja, na mizani. Bwana mkubwa wa stoo kanitazama juu mpaka chini, kanipa vyote viwili.

Nimefika saa nne. Walinikalisha kwenye kiti kizuri kivulini mwa ghala, mkwe wa heshima. Soda ikaja. Sikuinywa. Nilimwambia Mzee nikiwa bado na vumbi la lori: upinde si mzima, nilisema haraka, nilikosea, ukivutwa utavunjika.

Petero akatazama chini. Ndani ya jiko mama mkwe akaacha kupepeta.

Kisha Mzee akasema, "Tundika. Mimi iko na jicho moja, lakini inaona."

Tuliufunga kwenye mti wa kizuizi cha zizi la ng'ombe. Kamba chini ya mzizi, mizani huku, hatua kumi na tano kutoka pale. Niliomba wote wasimame nyuma yangu. Mzee akakataa, akasimama ubavuni mwangu. Nikavuta, nikasoma kwa sauti. Ishirini. Thelathini. Thelathini na tano, ti, wote wakasikia. Nikasimama.

"Vuta. Mimi havuti nusu."

Akaishika kamba yeye mwenyewe, mikono yake mbele ya yangu. Tukavuta pamoja. Thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na moja.

Ulilia kama bunduki. Kipande cha juu kiliruka nyuma kikapiga ukuta wa jiko, udongo ukamwagika. Kuku wakatawanyika. Mama mkwe alipiga yowe, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alitoka na kunitazama usoni. Kisha akakumbuka adabu ya wakwe, akageuka.

Mzee akaenda ukutani. Akaingiza vidole kwenye shimo. Akasimama sawasawa mbele yake, kwa kimo chake, akaona lilipo. Lilikuwa usawa wa uso wake.

Akarudi. "Wewe ulisema iko muzima."

"Ndiyo, baba. Nilikosea."

"Halafu ukarudi kusema."

Aliinua soda yangu akanipa. Ilikuwa imepata joto, nikainywa yote. Tukala kuku, na kiti changu akaagiza kisogezwe karibu na chake.

Alhamisi, 28 Januari

Pamba. Mwili unauma kwa lori. Nimelala kama gogo.

Jumamosi, 30 Januari

Sherehe. Paa linang'aa mpaka macho yanauma. Mzee alikuwa ameniagiza nije na mizani tena, nikadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Habari ya ukuta wa jiko imetembea. Nilipofika, wazee saba walikuwa wamejipanga na pinde zao, wengine wametoka upande wa Kenya tangu alfajiri. Katekista alikuwa amenichimbia chuma cha kupitishia kamba ardhini kabisa.

Nikapima zote. Mgongo kwa pamba, tumbo kwa pamba, halafu kamba. Mbili nimezikataa. Mwenye moja alinitukana kwa Kijaluo na mwenzake kwa Kiteso, na wa Kiteso alikuwa fundi kweli, nimejifunza neno jipya. Josefina alijificha uso kwa leso akicheka.

Mzee alipiga kwa upinde wa jirani aliyemwachia zamu yake, mpya, niliouvuta mpaka ratili arobaini na tano. Mshale wa kwanza ukapita juu. Wa pili ukaanguka njiani. Watu wakaanza kuzungumza mambo yao. Wa tatu ukaingia kwenye mgomba, chini kabisa, karibu na mizizi, lakini ndani. Akashika nafasi ya nne kati ya watano. Alirudi kwetu akipumua kwa nguvu, akasema huo sasa ni mkono wake, mtu asisingizie mti. Sijawahi kumwona amefurahi hivyo.

Jumapili, 31 Januari

Asubuhi Mzee alinisindikiza barabarani kungoja basi. Josefina atabaki mpaka Jumanne. Tulitembea polepole. Ukungu ulikuwa unaondoka kwenye Mwamba wa Tororo.

Akasimama. Akanionyesha kwa fimbo. Kuna ndege, kozi, akasema, juu ya mwamba, upande wa kulia.

Nikatazama. Sikuona kitu. Mimi nina macho mawili na miaka thelathini na minne.

"Pale," akasema. "Ngoja. Sasa inageuka."

Nikangoja. Baada ya muda nikamwona, nukta ndogo, akizunguka. Basi likaja, likasimama. Mzee alikuwa bado anamtazama.