Nimeficha Pasipoti ya Binti Yangu, na Sasa Mkwe Wangu Anaitwa Mwizi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijasambaratika, na nakuomba usinicheke, kwa sababu mimi ni mtu mzima mwenye mvi na nilichofanya ni kitu cha mtoto.

Mimi ni dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, naishi na mke wangu, kijana wangu na mkewe, na binti yetu ambaye ndiye kitindamimba, naye ni mpiga picha, lakini si wa harusi wala wa studio, ni wa zile picha za habari, anakwenda kwenye mafuriko, kwenye njaa, kwa watu waliofukuzwa makwao, anakaa nao na kula wanachokula, halafu anarudi na kujifungia na kompyuta yake kuchagua, na hana mwajiri, anajitegemea, maana yake akiwaandikia wahariri wa magazeti ya nje kwamba anataka kwenda mahali fulani wanamjibu vizuri kabisa, nenda, ukirudi tuonyeshe, tukizipenda tutachukua, na mimi nililisoma jibu hilo nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikajiuliza, asiporudi je?

Sikuwa mwoga, mshauri. Nimebeba watu ambao hata sitaki kukueleza walikuwaje, na nikirudi nyumbani nilikula na kulala. Lakini mwaka jana binti alivuka mpaka kwenda kunakopiganwa, akaenda na mwenzake wa kazi tuliyemzoea kwa jina la Mrefu, kijana mcheshi aliyekuwa akija kwangu ananiita baba na kumaliza chai yote, na Mrefu akarudi hana jicho la kulia, lile lile alilokuwa akichungulia nalo kwenye kamera. Binti alirudi mzima, ila sasa upepo ukibamiza mlango tunamkuta ameshachuchumaa chini ya meza, halafu anacheka, anasema, "Mtazoea tu." Mimi sijazoea.

Sasa anarudi kule kule, safari ni Alhamisi. Nilimwambia, "Mwanangu, piga harusi. Harusi haziishi."

Akanijibu, "Baba, wewe ulipoitwa kwenye ajali ulikuwa unawaambia wakatafute dereva mwingine?"

Mimi nikishindwa hoja huwa nakuwa mkali, nikamwambia hiyo si kazi, ni kiherehere, naye akaendelea kupanga betri zake kwenye begi.

Jumapili asubuhi alikuwa bafuni, mlango wa chumba uko wazi, pasipoti iko juu ya nguo alizokunja, na mkono wangu ukaichukua, nasema mkono wangu kwa sababu mimi mwenyewe nilishtukia niko stoo naifukia chini ya matambara kwenye sanduku la spana. Niliwaza kwamba kupata nyingine ni kazi ya wiki nyingi, mpaka hapo vita vitakuwa vimepoa, au hamu yake.

Sikumfikiria mkwe wangu. Ndiye aliyeingia kufagia chumba kile asubuhi hiyo, na yeye na wifi yake hawaivi tangu binti alipompiga picha akilia kwenye msiba wa mama yake mzazi bila kumwomba ruhusa, kwa hiyo pasipoti ilipokosekana binti alimfuata jikoni akamwambia, "Wifi, nirudishie tu, sitakuuliza kitu." Mkwe akauliza, "Nikurudishie nini?" Na hapo nyumba ikagawanyika, kijana wangu upande wa mkewe, mke wangu upande wa binti, na mimi, mshauri, nilikuwa nasaidia kutafuta. Niliinua magodoro. Niliinamia mpaka nyuma ya friji.

Jana mezani mkwe aliniuliza mbele ya watu wote, "Baba, na wewe unaamini ni mimi?" Nikamwambia, "Tutajua tu, mama." Akaacha chakula akaenda kumpigia kaka yake aje amchukue. Sasa hivi ninapoandika namsikia akifunga begi lake. Nikiitoa pasipoti, mwanangu akaenda akauawa, basi mimi ndiye nitakuwa nimemkabidhi kifo mkononi. Nisipoitoa, nyumba ndiyo hiyo. Nimefika mahali nawaza kuichoma tu. Nifanyeje?

Baba aliyeishiwa usingizi

MSHAURI ANAJIBU:

Mzee wangu, shikamoo. Gazeti hili linatoka Jumamosi na safari ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla, kwa hiyo nilikupigia simu mara tu barua yako ilipofika, kwa namba uliyoiacha, na niliyokuambia nayaandika hapa kwa faida ya wengine wanaoficha vitu vya watoto wao.

Hofu yako si upuuzi. Umeona mwili wa binadamu unavyoweza kuharibika, na sitakuambia binti yako atarudi salama. Sijui. Anayekuambia anajua, anakudanganya. Lakini ulipoanza kuinua magodoro, hiyo haikuwa hofu tena. Ulikuwa unamwangalia mtoto wa watu akivikwa wizi wako, na ulipoulizwa uso kwa uso, ukamnyima neno moja tu.

Kwa hiyo anza na mkweo. Simama mbele ya wale wale waliomsikia akiulizwa, useme, "Ni mimi." Usimtume mkeo akusemee. Usianze na mapenzi yako kwa binti, anza na kosa.

Kisha mpe binti pasipoti yake mkononi, bila masharti. Ni mtu mzima. Sasa ndipo uulize, na uulize kama dereva, usiulize kama hakimu. Nani mwenyeji wake kule? Atapiga simu saa ngapi, na asipopiga, nani anaanza kumtafuta? Ana fulana ya kuzuia risasi na kofia ya chuma? Ana bima? Ziko za wanahabari wanaojitegemea, hata za safari moja. Na yule mhariri, "nenda, tukizipenda tutachukua" si kutumwa kazi. Binti ambane aandike jina lake, namba yake, na kwamba simu ikilia ataipokea. Halafu chukua kitambaa umfundishe kufunga jeraha la mguu linalovuja damu. Anayeijua kazi hiyo ni wewe, unalala chumba cha pili, lakini ulichompa ni ushauri apige harusi.

Na wewe binti, kama unasoma, mlango ukibamizwa ukajikuta chini ya meza, hilo si la kuchekea. Tafuta mtu anayetibu mambo hayo. Na ile picha ya msibani, mwombe wifi yako radhi. Wageni unaowapiga picha unakaa nao kwanza, iweje wa nyumbani asiombwe hata ruhusa?

Mzee alinipigia tena Alhamisi jioni. Alisema alisimama, akasema ni yeye, akampa binti pasipoti yake. Mkwe wake alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Asante kwa kusema, baba," kisha akaingia kwenye gari la kaka yake akaondoka hivyo hivyo, na mumewe akamfuata. Binti hakumsemesha baba yake siku nzima. Baadaye akaja na kipande cha shuka, akanyoosha mguu juu ya kiti, akasema, "Haya, nionyeshe." Asubuhi ya Alhamisi alisafiri.

"Sasa nafanyaje?" mzee akaniuliza.

Nikamwambia aende kwa ndugu wa mkwe wake, yeye mwenyewe na mkewe, waketi chini, na wasitegemee kurudi na mkwe siku hiyo hiyo. Akasema sawa. Lakini hakukata simu.

"Binti alisema atapiga akishavuka mpaka," akasema. "Hajapiga."

"Alisema saa ngapi?"

"Saa moja."

Nikatazama saa. Ilikuwa inakaribia.

"Basi hajachelewa, mzee wangu," nikamwambia. "Kata simu, asije akapiga akakuta unaongea na mimi."

Akakata.