Namba ya Mama Mkwe kwenye Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi
Injini mbili leo. Moja maji yameingia kwenye mafuta. Nyingine mwenyewe kaifungua nyumbani, ikamshinda, kaniletea kwenye ndoo. Zote zimewaka. Bandari nzima ya Kibirizi inajua, injini ikimshinda Kapteni hiyo ni ya kuuza chuma chakavu. Kapteni ndiyo mimi. Boti sina ila jina ninalo.

Jioni mke wangu Leokadia kaniwekea ugali na habari mbaya pamoja. Laini ya mama yake, kule Kalinzi mlimani, inafungwa wiki hii. Ujumbe umekuja: isiyohakikiwa kwa alama za vidole inazimwa. Mama kaenda kwa wakala wa Mwandiga, mashine imekataa vidole vyote kumi. Jembe na kahawa vimekula mistari.

Shida si laini. Shida ni Nestori, kitinda mimba wao, anayebeba mizigo Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Simu hana. Huazima za watu, kila mara namba ngeni. Kichwani kakariri namba moja tu, ya mama yake. Ikizimwa, yeye hatupati na sisi hatumpati.

Nikamwambia Leokadia asidondoshee mboga machozi. Mimi nimefika Bujumbura, nimefika Mpulungu, Dar nimekaa mpaka ikanichoka. Laini ndiyo initoe jasho? Tunaihamishia kwenye jina langu. Jina la Leokadia kwenye kitambulisho wamelikosea, bado wanalirekebisha, kwa hiyo nimebaki mimi mwanaume.

Jumatano, 6 Machi
Jasho limenitoka.

Mama mkwe kashuka na bodaboda, kajifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Leokadia alikuwa kliniki na mtoto. Tukabaki mimi na mkwe wangu, duka la simu, foleni ndefu. Kwao mkwe humtazami usoni, benchi moja humkalii, mkono humpi. Miaka yote hii ya ndoa salamu zetu zinapita kwa Leokadia. Mimi ninayemtania hata askari wa zamu, mbele ya yule mama nageuka bubu.

Binti wa kaunta akasema nimshike bibi mkono nimbonyezee kidole kwenye mashine. Kasema kwa sauti. Foleni yote ikanitazama. Nilipokuja kupata akili niko barazani, nje. Jamaa mmoja kwenye foleni akamwambia binti, huyo ni mkwewe, unataka kumuua mtu wa watu. Binti akazunguka kaunta akamshika mwenyewe. Mashine ikakataa vilevile. Basi akamuuliza maswali ya kuthibitisha laini ni yake, namba alizopiga karibuni, vocha ya mwisho. Mama kajibu yote kutoka kichwani, sauti ndogo, hakukosea hata moja.

Zamu yangu kidole kimesomwa mara moja. Nikajisikia msomi.

Sasa namba ya mama mkwe ni ya jina langu. Wamempa kadi mpya, ile ya zamani imechoka. Simu yake ya vitufe, iliyofungwa kwa mpira, ikagoma kuisoma kadi. Nikasema mbele ya watu kwamba naitengeneza mimi, anayefungua injini hashindwi na kisimu. Kadi nikaiweka kwenye simu yangu, tundu la pili.

Kabla ya kupanda pikipiki mama akamwambia binti, "Mwambie mwanangu, Nestori hupiga Jumapili." Binti akaniambia, na mimi nimesimama palepale.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeifungua simu ya mama. Skrubu zake kama mayai ya chawa. Moja imepotea kwenye mchanga.

Laini ya pili haipumziki. Mwenyekiti wa kwaya. Mnunuzi wa kahawa. Mama mmoja anaomba msamaha kwa maneno aliyosema kisimani, na mimi nimeshayasikia yote kabla sijamwambia si mwenyewe. Mkwe hatakiwi kujua mambo haya. Nayajua.

Ijumaa, 8 Machi
Simu ya mama imekufa. Nimeiua mimi. Kwa Leokadia nimesema inasubiri kipuri.

Jumapili, 10 Machi
Sijui naliandikaje hili.

Tulikuwa kijiweni, juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wanasema mimi nasema zaidi. Wenzangu wana tabia ya kunipigia kwa namba ngeni kunipima, na mimi nina majibu yangu. Simu ikalia. Sikuangalia ni laini ipi. Nikaweka sauti nzito. Nikasema, "Mochwari hapa. Unamtafuta marehemu gani?"

Halafu sauti ya kijana ikasema, "Mama."

Ikakatika.

Kijiwe kizima kilicheka. Nilicheka na mimi. Ndipo nikaangalia. Laini ya pili. Namba ya Kongo.

Nimepiga. Imezimwa. Nimepiga mpaka moto wa betri umeniunguza sikio. Imezimwa.

Jumatatu, 11 Machi
Sikwenda kazini. Asubuhi ile namba ikapokelewa. Mama mmoja anayeuza maandazi bandarini Kalemie. Nilipojieleza akanikatiza. "Ni wewe wa mochwari?" Nikasema ndiyo. Nikasema ilikuwa utani. Akasema, "Ule kijana alilia sana, papa. Anasema mama yake amekufa, amekwenda kutafuta boti."

Nikamwomba amtafute, amwambie mama mzima. Kasema yeye ana maandazi kwenye mafuta, na kijana hakulala alipozoea. Kisha akanisema vizuri, kwa Kiswahili chao cha kule, kila neno likiwa na kisu. Hakusema uongo.

Upepo umeanza tangu alfajiri. Ziwa leo ni jeupe.

Jumanne, 12 Machi
Nimemwambia Leokadia. Kila kitu, mpaka ile sauti nzito niliyoiweka. Nilitegemea kelele. Hakupiga. Akamalizia kuchambua dagaa, akanawa, akaniuliza kama nilijua kwamba Nestori, tangu mtoto, akilia sana huzimia. Sikujua. Mimi ninayejua mpaka nani kamkosea nani kisimani.

Kasema anapanda Kalinzi kwa mama. Akamwambie nini, nikauliza. Kwamba Nestori anakuja. Basi.

Mtu anaanzaje kumwambia mama mkwe kwamba amemuua, kwenye namba yake mwenyewe?

Jumatano, 13 Machi
Hakuna boti kutoka Kalemie. Manahodha wanasema upepo. Nimeuliza wote. Mmoja kaniuliza nina mzigo gani huko wa kuhangaikia hivi. Nikakosa la kusema. Kibirizi haijawahi kuniona hivyo. Wananitazama kama injini iliyozimika ghafla.

Leokadia kapiga. Mama kafurahi. Kaanika blanketi la Nestori juani, kamtenga jogoo. Anauliza atafika saa ngapi.

Sikula.

Alhamisi, 14 Machi
Habari imeingia. Boti moja ya mbao ilitoka Kalemie tangu juzi jioni, mahindi na abiria. Haijaonekana. Wengine wanasema imejificha kwenye ghuba kusini. Wengine hawasemi, wanatema mate tu wanatazama maji.

Nimetengeneza injini mbili bila kutoza. Nimemwahidi Mungu mambo mengi, mengine hata siyawezi.

Nawaza aliketi wapi kwenye boti. Kama kuna aliyempa turubai. Nawaza kwamba akizama, kazama akiwa anamlilia mtu aliye hai, anayemwanikia blanketi. Na sauti ya mwisho kuisikia kwenye simu ni yangu.

Nimekuwa mchekeshaji wa mji huu tangu nikiwa mdogo. Leo nimeuchukia mdomo wangu.

Ijumaa, 15 Machi
Hakuna.

Leokadia hapigi tena. Nikipiga mimi, anapokea, ananisikiliza nikipumua, anakata.

Jumamosi, 16 Machi
Yuko hai.

Leokadia kapiga. Yuko hai, yuko Kalinzi.

Mimi nilisimama Kibirizi siku zote hizi, na boti imekuja kutia nanga Ujiji. Upepo uliisukuma kusini, wakakaa ghubani mpaka ulipotulia. Nestori kashuka asubuhi, hakupita kwa mtu. Kaenda moja kwa moja hospitali, mochwari. Kataja jina la mama. Mhudumu kamwambia hayupo. Nestori kasema yupo, alipokea simu mtu wa hapahapa. Wakagombana. Mwisho mhudumu kwa huruma akamfungulia akatazama mwenyewe, mmoja mmoja. Akaona basi wameshamzika. Akanunua kitenge cha kutandika kaburini, akachukua pikipiki.

Kamkuta mama nyuma ya nyumba, anamenya muhogo.

Leokadia anasema hakuna aliyepiga kelele. Mama kasimama na kisu mkononi, Nestori kakaa chini kwenye maganda. Ndipo Leokadia akawaeleza. Wote wawili. Nikauliza mama kasema nini. Leokadia kasema mama hajasema kitu.

Nimelia kwenye choo cha gereji. Mtu aligonga, nikamwambia tumbo.

Jumapili, 17 Machi
Nimepanda Kalinzi. Nimenunua simu ya vitufe, si mpya lakini nzima. Kadi nimeifunga kwenye karatasi, mfuko wa shati, nikiigusa kila kona.

Walikuwa wametoka misa. Mama mkwe kavaa kitenge kipya, kile alichonunuliwa cha kaburini. Kashonewa? Wapi, kajifunga tu hivyohivyo, kinang'aa njia nzima. Nikatazama chini kama inavyotakiwa. Leo hata bila mila ningetazama chini.

Nestori kakonda. Nikampa mkono, hakuupokea. Nikaanza kusema, nikasema shemeji, mimi. Akanizuia.

"Sauti ndiyo hiyo," akasema. "Kwenye boti nilikuwa naisikia kila wimbi. Nilipanga nikimzika mama nikutafute."

Nikamwambia nipo. Akanipiga kofi moja, la wastani, si la adui. Kisha akanishika bega na kulia, na mimi nikalia, watu wa misa wakasimama njiani kututazama kana kwamba ni msiba kweli.

Jikoni nikasikia mtu anacheka. Kicheko kirefu, cha kukauka, kinakatika kinaanza tena. Sikuwahi kukisikia. Leokadia alitoka na maji ya kunawa, macho mekundu na yeye anacheka. Kasema mama anarudiarudia, "Unamtafuta marehemu gani," peke yake, jikoni, na anajijibu.

Tukala jogoo. Mimi na Nestori mkekani, wao ndani.

Simu na kadi nikampa Leokadia ampelekee mama. Jina kwenye mtandao linabaki langu, vidole vyake havitasomwa hata mwakani. Lakini ikilia, inalia mkononi mwake.

Jumanne, 19 Machi
Injini moja tu leo. Upepo umekwisha kabisa, ziwa limelala.

Mchana nikajiwa na wasiwasi. Kama ile simu niliyonunua inasoma kadi. Kama kule kilimani inashika mtandao. Leokadia karudi jana, hakuna wa kumtuma. Nikazunguka kwenye kivuli cha boti iliyopandishwa, nikapiga mwenyewe. Sijawahi kumpigia mama mkwe. Ilipoita nikatamani nikate.

Akapokea.

Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba. Nilisikia kuku, na mbali kidogo mtu anatwanga.

"Nestori amelala," akaniambia mimi mwenyewe, kwa kunong'ona asimwamshe. "Tangu asubuhi."

Nikasema sawa mama. Akasema haya mwanangu, akakata.