Walisema Matumbawe Yako Yalikula Umeme

Damari, shoga yangu,

Ninakuandikia nikiwa na hasira, na nimeona nikwambie mapema usije ukadhani hii ni barua ya kilio. Kulia nililia. Nililia kwenu Buigiri tulipokuzika, nikalia tena siku ya kumaliza matanga mpaka mama yako akanishika bega akasema, "Rukia mwanangu, sasa inatosha." Ikatosha kweli. Kilichobaki ni hasira, na hii sijui niipeleke wapi isipokuwa kwako.

Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujashikana sawasawa Mkuu wa shule alipoita kikao cha walimu. Alianza na yale yale ya siku hizi: serikali imejitoa, kila shule ijibebe, wazazi wanachangia mpaka chaki, na bili ya umeme haimsubiri mtu. Halafu akakohoa kidogo, akasema, "Marehemu Mwalimu Damari alikuwa mwalimu hodari, Mungu amrehemu. Lakini lile tangi lake la matumbawe, ndugu zangu, lilikuwa anasa. Zile taa zimekula umeme wa shule."

Anasa. Alilitamka neno hilo mbele ya watu waliokujua, na walimu wakatazama vidole vyao. Mimi nilihisi masikio yanawaka. Nikasimama, nikasema, "Mkuu, taa zile tulizichagua mimi na Damari. Hakuna kitu katika shule hii kilichochaguliwa kwa ubahili kama taa zile." Akaniambia niketi, anaelewa kwamba nina msiba.

Nina msiba. Kana kwamba msiba unamsahaulisha mtu fizikia.

Wewe unajua ilivyokuwa, lakini ngoja niirudie, maana tangu siku ile ninaisimulia peke yangu jikoni. Ilianza na kidato cha pili chako. Ulichora tumbawe ubaoni, na msichana mmoja wa Makutupora, Neema, yule ambaye wazazi wake wanalima zabibu, akauliza kama hilo ni jiwe au ni ua. Ukajibu ni mnyama. Darasa zima likacheka, wakadhani unawatania. Ulikuja ofisini umenuna. "Rukia, nawafundisha watoto kitu ambacho hata mimi sikukiona mpaka nilipofika chuo. Wanakariri tu."

Ukamwandikia mwenzako wa chuo aliyekuwa akifanya utafiti wa bahari kule pwani, akakupa vipande vilivyovunjwa na nanga, ambavyo vingekufa tu mchangani. Ulivileta kwa treni, ndoo iko mapajani, unaifunua kila kituo uone kama bado vinapumua. Uliponiona stesheni hukunisalimia. Ulisema tu, "Shika hapa, usitikise."

Tukavitia kwenye tangi la kioo pale maabara, na maji ya bahari tuliyoletewa kwa madumu, tukadhani kazi imekwisha. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba ndani ya nyama ya tumbawe mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo ndio unaompikia mwenyeji wake chakula kwa kutumia mwanga. Mwanga ukipungua, tumbawe hushinda njaa. Joto likizidi, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Kwa hiyo tulitaka mwanga mwingi, joto dogo, na bili ambayo Mkuu hataipigia kelele. Ukaniangalia ukasema hilo sasa ni somo langu, fizikia.

Tulianza na balbu za kawaida. Zilitoa unjano na joto, na kioo kikaota utando wa kahawia kama sufuria iliyosahauliwa. Tukaenda kwa mfanyabiashara wa vifaa vya umeme karibu na soko. Unakumbuka maduka yalivyokuwa yameanza kujaa, vitu ambavyo zamani tulivisikia tu sasa vimepangwa dirishani. Akatutolea taa kubwa kama ya uwanja wa mpira, akatuazima tuijaribu. Fyuzi ya maabara ikaungua. Tulipoiwasha tena, maji yakapata uvuguvugu wa kuogea. Tulipoirudisha, yule bwana alikasirika. "Mwalimu, hii ndiyo wanayotumia Ulaya." Na wewe ukamjibu kwa upole wako ule unaochoma, "Ulaya hawana jua la Dodoma, baba."

Tulipotoka pale ulisimama katikati ya barabara, mkono juu ya macho, unatazama mbingu mpaka mwenye baiskeli akakupigia kengele. Wiki ile ile nikaazima kipima mwanga kwa mpiga picha wa studio, tukapima chini ya taa ile aliyotusifia, kisha tukapima nje. Tulicheka sote wawili. Jua lilikuwa limeiacha mbali mno, tena halina bili.

Fundi akaondoa bati moja la maabara akaweka kioo kinene. Saa za mchana tukatandaza kitambaa cheupe ili maji yasichemke. Kwa asubuhi, jioni na siku za mawingu tukafunga tyubu mbili tu, zenye mwanga mweupe unaoelekea buluu, karibu kabisa na maji. Nyuma yake tukabandika zile karatasi zinazong'aa kama fedha za ndani ya makasha ya chai, ili mwanga usipotee ukutani. Hizo ndizo taa za anasa, Damari. Tyubu mbili na takataka za duka la chai. Ofisi ya Mkuu ina tyubu zaidi ya hizo, na huwa zinawaka mchana kutwa na dirisha liko wazi.

Mgao wa umeme ulipoanza na mji ukawa gizani kila mara, matumbawe yako yaliendelea kula jua kama mbuzi wanavyokula majani. Pampu ya hewa tuliifunga kwenye betri la gari la kaka yangu. Kisha siku moja lile tumbawe la kijani likafungua vidole vyake vyote, na Neema akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Linakula, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. Hakuna aliyecheka. Uligeuka ukajifanya unafuta ubao.

Halafu malaria ikakupanda kichwani, na mimi niko kwenye kusahihisha mitihani nikidhani kesho utakuja. Hapo sitaki kuandika zaidi.

Baada ya kile kikao waliliuza tangi. Nikisema waliliuza nawapa heshima, walilibadilisha. Kuna bwana mmoja amefungua hoteli mpya, anawangojea wabunge na wageni wa semina, akataka kitu cha kushangaza pale mapokezi. Alichukua tangi na matumbawe, na shule ikapata makochi ya ofisi ya Mkuu. Makochi, Damari. Ya rangi ya maziwa, yamefunikwa nailoni yasichafuke. Mwanafunzi akiitwa kwa makosa husimama pembeni ili asiyaguse. Sijui hiyo wanaiitaje, kama yako ilikuwa anasa. Lile bati la maabara wakalirudisha, na darasa lako sasa lina giza hata mchana.

Nilivumilia mwezi mzima. Kisha nikaenda hotelini, nikaagiza chai ili wasinifukuze. Walikuwa wamenunua ile ile taa ya uwanjani kwa yule bwana wa sokoni, wameining'iniza karibu kabisa na maji, na pembeni wameweka balbu nyekundu na za kijani kama za sherehe. Nilitia kidole majini, yalikuwa ya moto. Matumbawe yako yalikuwa meupe, Damari. Meupe. Lile la kijani nililitambua kwa umbo tu.

Mwenye hoteli alitokea nikiwa bado nimekunja mkono wa gauni. Nilimwambia, "Mzee, hivi vitu vinakufa. Zima hiyo taa."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwalimu. Niliyevilea na mwenzangu."

Akacheka, akasema aliambiwa ni mawe ya mapambo. Kisha, kama mtu anayelalamika kwa jirani, akaniambia taa ile imempandishia bili mpaka anajuta, na siku hizi tangi linanuka, wageni wanakaa mbali. Nilishindwa kujizuia. Nilimwambia mbele ya wahudumu wake kwamba marehemu aliikataa taa hiyo kwa sababu hizo hizo, kwamba vilikuwa vinaishi vizuri kwa jua la bure, na kwamba shule imemuuzia viumbe hai kwa jina la mawe. Sauti yangu ilikuwa juu, nakiri, na chai yangu ilipoa. Yeye akasema, "Basi chukua hayo mawe yako, mama. Niachie tangi, nitafuga samaki wa bwawa."

Nilivitoa kwa mikono yangu na kuvitia kwenye ndoo. Vingi vilikuwa vimekufa, harufu yake ilinifuata siku mbili. Vichache vilikuwa bado na unyevunyevu wa uhai, ile nyama nyembamba ambayo wewe ulinifundisha kuitambua kwa kuelekeza mwanga kwa ubavu.

Nyumbani kwetu pale mjini nilikuta vita nyingine. Kaka Shabani alinisikiliza, akauliza, "Nyumba aliyotuachia baba unataka kuitoboa paa kwa ajili ya mawe?" Nikamwambia asirudie tena neno mawe mbele yangu. Nadhani aliona uso wangu, maana aliondoka bila kujibu, akarudi na mkasi wa bati na ngazi ya kuazima, akapanda mwenyewe. Tumeweka kioo juu ya ukumbi wa nyuma, na chini yake tangi jingine dogo lenye maji ya bahari tuliyoagiza tena kwa madumu. Kitambaa cheupe ni shuka langu. Tyubu ni zile zile mbili. Nilizikuta stoo ya shule zimetupwa, nikazichukua mchana kweupe, na mlinzi akanifungulia mlango.

Mkuu akaniita. Alinikalisha kwenye kochi la nailoni, nalo likalia chini yangu kila nilipojisogeza. Alisema nimeiaibisha shule hotelini, na kwamba anaweza kuniombea uhamisho. Nilimwambia aombe. Lakini kabla barua yake ya uhamisho haijajibiwa, nikamwambia, nimeomba nafasi ya kusema kwenye mkutano wa wazazi, na mwenyekiti wa wazazi, ambaye ni baba yake Neema, amekubali. Nitapeleka tyubu zangu mbili na kile kipima mwanga, nipime mwanga wake na wa jua, kisha nihesabu tyubu za ofisi yake mbele ya kila mtu. Wazazi ndio wanaolipa, basi waone wanalipia nini. Mkuu alianza kuikunjakunja nailoni ya mkono wa kochi.

Usidhani siogopi. Nikihamishwa, mama yangu mzee atabaki na Shabani peke yake, na matumbawe hayavumilii safari ya pili. Lakini ningekaa kimya, neno lile ndilo lingebaki juu yako, na watoto wangekuja kusimuliana kwamba palikuwa na mwalimu aliyependa makuu. Hilo sikubali.

Kila Jumamosi wanafunzi wako wanakuja nyumbani. Wanaketi sakafuni, Shabani anajifanya kuudhika na anawagawia karanga. Lile la kijani halijarudisha rangi, ila kwenye ukingo wake mmoja kuna kivuli cha kahawia, na Neema anaapa mwanzoni hakikuwepo. Mwani umeanza kurudi. Sikuthubutu kufurahi mpaka nilipokitazama kwa siku kadhaa.

Jumamosi iliyopita mama yako alikuja kutoka Buigiri. Hakutuma habari, tulimkuta tu mlangoni na kikapu cha mlenda mkavu. Wanafunzi wakamwamkia shikamoo, mmoja akamwamkia kwa Kigogo, mbukwa, naye akatabasamu. Nilimpa kiti karibu na tangi. Alitazama, mikono mapajani. Kisha akauliza, "Hivi ndivyo vilivyokuwa vinamzuia mwanangu asije nyumbani?" Nikasema ndivyo, mama. Nikadhani atakasirika, na angekuwa na haki. Aliinama zaidi, akamuuliza Neema, "Sasa huyu mdomo wake uko wapi?" Neema akamwonyesha, akamweleza yote, la mwani na la jua na la joto, kwa maneno yako kabisa, na mama yako akamsikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka aliniambia atakuja kwenye mkutano wa wazazi. Nikamkumbusha kwamba hana mtoto pale shuleni. Akasema, "Ninaye."

Kwa hiyo tutakwenda pamoja, yeye na mimi, na atakaa mstari wa mbele. Darasa lako la baiolojia nimelichukua hadi wamalize mtihani, ingawa najifunza usiku ninachofundisha asubuhi. Nakuahidi jina lako litatajwa katika mkutano ule kama linavyostahili kutajwa, na vilivyo hai kwenye tangi nitavilinda, hapa au popote watakaponipeleka.

Pumzika, mwenzangu. Mimi bado sina nafasi.

Wako,
Rukia